Kompyuta ya baiskeli yenye GPS: fedha ya ziada inanunua nini?

BEI za kompyuta za baiskeli zenye GPS zimepishana kuliko bei za kitu kingine chochote kinachofungwa kwenye usukani. Chini kuna zile za China zinazouzwa kwa dola 50 hadi 80. Katikati zipo za Garmin na Wahoo, dola 300 hadi 450. Juu kabisa, Garmin walipoitoa Edge 1050 mwezi Juni 2024 waliipangia dola 699.99. Na pembeni ya hizo zote ipo mita ya zamani ya waya na sumaku, ambayo haina GPS hata kidogo, na ya Kichina hupatikana kwa chini ya dola 10. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, kutoka ya chini hadi ya juu kuna tofauti ya zaidi ya shilingi milioni moja na laki saba.

Kwa fedha hiyo mtu anapata baiskeli nyingine nzuri tu. Ndiyo maana ukurasa huu umeona wiki hii uliweke suala hili mezani kama linavyowekwa suala la mtaji wowote: ile fedha ya ziada inanunua nini, na inarudi lini?

Msimamo wetu ni huu. Kwa wanunuzi walio wengi katika soko letu, fedha hiyo hairudi. Kwa mwenye duka mwenye mtaji mdogo, ni mzigo wa hatari. Lakini wapo wanunuzi wa aina mbili ambao wakiibania fedha hiyo watajiumiza wenyewe, na muuzaji mzuri anapaswa kuwatambua pindi wanapoingia dukani.

Tuanze na mita ya waya, kwa sababu inadharauliwa bure. Kuna kipande cha sumaku kwenye spoki na kihisio kwenye uma wa mbele. Gurudumu likizunguka, kihisio kinahesabu mizunguko, na mita inazidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi la 700 kwa 25 lina mzingo wa milimita 2,105. Ukiiwekea mita kipimo hicho sawasawa, itakupa mwendo na umbali kwa usahihi ambao GPS huenda ikashindwa kuufikia ukiwa chini ya miti mikubwa au kwenye njia yenye kona nyingi, maana GPS hupima nukta kwa nukta na kona fupi huzikata. Ukiikosea, ukaiwekea mzingo wa tairi la 32 ambao ni milimita 2,155, kilomita 100 zitasomeka 102 na ushee. Basi, hilo ndilo kosa lake kubwa. Betri yake ndogo ya duara hudumu mwaka au zaidi, na ikiisha unaweka nyingine.

Isichoweza ni kukumbuka ulikopita, na haiwezi kukuonyesha uendako. Hapo ndipo GPS inapoingia.

Sasa, mnunuzi wengi hudhani kwamba bei kubwa ya kifaa inatokana na setelaiti. Sivyo. Mawimbi ya GPS hayauzwi. Setelaiti zake hugharimiwa na serikali ya Marekani, na yeyote mwenye kipokezi anayapata bure. Zamani mawimbi waliyopewa raia yalikuwa yakivurugwa kwa makusudi, hata kosa likafika mita 100 hivi. Mwezi Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru uvurugaji huo ukome, na tangu hapo biashara ya vifaa vidogo vya raia ikapata nguvu mpya. Garmin wakatoa Edge za kwanza za baiskeli mwaka 2005. Leo kipokezi chenyewe ni kitu cha bei ndogo, na simu iliyo mfukoni mwako inacho tayari.

Hata ramani nyingi si za kampuni hizo. Garmin na Wahoo, pamoja na wenzao, hutegemea kwa kiasi kikubwa OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Hapa Dar es Salaam kazi hiyo ilifanywa na mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaa, mitaro na vichochoro vya kata zinazokumbwa na mafuriko. Kwa hiyo mtu anayemlipa mzungu dola 350 ili aonyeshwe kichochoro cha Tandale, kuna uwezekano mkubwa anaonyeshwa kazi ya vijana wa hapa hapa mjini.

Basi analipia nini? Analipia skrini inayosomeka jua la saa saba mchana, kasha lisiloingia maji, betri na programu. Edge 540 iliyotoka Aprili 2023 kwa dola 349.99 inatajwa na watengenezaji kudumu hadi saa 26 za kazi nzito. Hivyo ni vitu vya kweli na vina thamani. Analipia pia faida ya kampuni, na hilo si siri: kwa mwaka 2024 Garmin waliripoti mauzo ya dola bilioni 6.3, na faida ghafi ilikuwa karibu dola 59 katika kila dola 100 za mauzo. Hesabu hiyo ni ya bidhaa zao zote, zikiwemo saa na vyombo vya boti na ndege, lakini inatosha kumwonyesha msomaji kwamba kati ya gharama ya kutengeneza na bei ya dukani kuna nafasi pana. Watengenezaji wa China wameiona nafasi hiyo, na ndiyo maana zipo za dola 60.

HESABU YA SAA

Njia rahisi ya kupima ni kugawa fedha ya ziada kwa saa za matumizi. Chukua ya dola 350, ambayo ni shilingi 875,000, na ya Kichina ya dola 60, ambayo ni shilingi 150,000. Zote zina GPS, zote zinarekodi safari, zote zinapokea mpigo wa moyo. Tofauti ni shilingi 725,000. Tuseme kifaa kinadumu miaka minne kabla betri haijachoka, na betri hizi mara nyingi zimefungiwa ndani, fundi wa kawaida hawezi kuzibadilisha.

Mwendesha baiskeli wa Jumamosi anatoka saa tatu kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 50 ni saa 150, na kwa miaka minne ni saa 600. Shilingi 725,000 kugawa kwa 600 ni shilingi 1,208 kwa saa. Haionekani mbaya. Lakini hesabu hiyo inamdanganya, kwa sababu Jumamosi nyingi anakwenda barabara ile ile ya Bagamoyo anayoifahamu kwa macho yaliyofumbwa, na ramani ya rangi inamwonyesha anachokiona. Saa zinazostahili kuhesabiwa ni zile tu ambazo kifaa cha dola 350 kinamfanyia kazi ambayo cha dola 60 kisingeweza. Kama ni safari moja katika kumi, zinabaki saa 60, na kila saa inamgharimu shilingi 12,083. Kwa fedha hiyo anaweza kumkodi kijana wa bodaboda amtangulie, tena atapata na mtu wa kuzungumza naye njiani.

Wengine watasema simu inatosha kwa yote. Kwa kurekodi, ni kweli. Ukiiweka mfuko wa nyuma skrini ikiwa imezimwa, simu inarekodi safari ya nusu siku bila taabu na bila senti ya ziada. Kasoro inakuja unapoifunga kwenye usukani na skrini ikawaka muda wote. Chaji inakwenda haraka. Mtikisiko nao una madhara: mwaka 2021 kampuni ya Apple ilionya kwamba mtikisiko mkubwa wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake. Na hapa kwetu kuna jambo la tatu ambalo wenzetu wa Ulaya hawalifikirii sana: simu ndiyo pochi. M-Pesa yako imo humo, namba za watu zimo humo. Simu ikizimika Chalinze, au kibaka akiipitia kwenye foleni ya Ubungo, hujapoteza ramani tu; umepoteza nauli ya kurudia nyumbani. Hii ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuwa na kifaa tofauti kwenye usukani, na cha dola 60 kinaikidhi sawa na cha dola 350.

MKIMBIAJI NA WATI ZAKE

Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume wakubwa zilikuwa za kilomita 267.5, milima mitupu. Mashindano ya namna ile huwaamsha vijana wengi, na kijana anayeota kwenda Ulaya ndiye mteja anayeshawishiwa kirahisi kuliko wote, kwa sababu anawaona wakimbiaji wakubwa na vifaa vyao na anadhani vifaa ndivyo vilivyowafikisha.

Tunaomba wenye maduka, na zaidi wazazi na wafadhili wanaochangishana kumnunulia, wasikilize hapa. Kinachotazamwa siku hizi na timu za Ulaya ni wati: nguvu anayoisukuma kijana kwenye pedeli, kwa dakika tano, kwa dakika ishirini, kwa saa. Jay Vine wa Australia alipata mkataba wake kwa kushinda shindano la Zwift la mwaka 2020, lililoendeshwa kwa baiskeli za mazoezi zilizounganishwa na kompyuta, na mwaka 2022 akashinda hatua mbili za mbio za Hispania. Namba zake ndizo zilizomfungulia mlango.

Sasa wati hazipimwi na GPS. Zinapimwa na kipima nguvu kinachofungwa kwenye mkono wa pedeli au kwenye pedeli yenyewe, na cha upande mmoja kinauzwa dola 250 hadi 400. Kompyuta ya usukani kazi yake ni kupokea namba na kuzihifadhi, na zipo za Kichina za bei ya chini zinazofanya hivyo bila tatizo, mradi muuzaji athibitishe kabla ya kulipwa kwamba inakubali kipima nguvu, maana si zote zinazokubali. Kijana mwenye dola 400 akinunua kompyuta ya dola 350 anabaki na ramani nzuri ya barabara anazozijua, lakini hana wati hata moja ya kumwonyesha kocha. Akinunua kipima nguvu cha dola 300 na kompyuta ya dola 80, ana kila kitu kinachotakiwa na bado ana dola 20 za mipira ya ndani. Tumeona michango ya watu ikitumika vibaya katika hili, na inauma, kwa sababu kijana wa miaka 19 hana miaka mingi ya kusubiri mchango wa pili.

Ni nani basi anayestahili ile ya bei kubwa? Wa kwanza ni mwongoza watalii wa baiskeli. Huyu anatoka siku nne kwa wiki, saa tano kwa siku, tuseme wiki 40 kwa mwaka. Ni saa 800 kwa mwaka, saa 3,200 kwa miaka minne, na tofauti ile ile ya shilingi 725,000 inashuka hadi shilingi 227 kwa saa. Tena saa zake karibu zote ni za kazi. Akiwa na wageni sita kati ya Lushoto na Mtae, njia ikagawanyika mara tatu msituni na jua linazama, mstari mtupu kwenye skrini ya kifaa cha bei ndogo unamwambia amepotea tu. Ramani yenye vilima na vijiji inamwambia ashuke wapi. Wageni sita waliolala porini hawarudi, na hawamleti mtu. Njia alizorekodi kwa miaka yote hiyo nazo ni mali yake, sawa na daftari la wateja kwa mwenye duka.

Wa pili ni yule wa safari za siku nyingi, anayelala njiani mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha. Kwake betri ya saa 20 na zaidi si anasa. Wengine wote, akiwemo daktari na mwanasheria wa klabu ya Jumamosi, wana haki ya kununua wapendacho kwa fedha yao, ila wajue wananunua raha.

Upande wa mwenye duka hesabu ni kali zaidi. Tuseme mtaji ni shilingi 4,375,000, yaani kompyuta tano za dola 350. Akiziuza zote ndani ya miezi kumi kwa faida ya asilimia 20, anapata shilingi 875,000. Fedha ile ile akiiweka kwenye matairi, mipira na minyororo kwa faida ya asilimia 8 tu, lakini ikazunguka kila baada ya miezi miwili, anapata shilingi 350,000 mara tano, jumla shilingi 1,750,000. Na tairi halizeeki rafuni kwa miezi kumi. Kompyuta inazeeka. Edge 530 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 299.99, Aprili 2023 ilipotoka 540, ile ya zamani ikaanza kuuzwa kwa punguzo, na aliyekuwa nazo kabatini alipunguziwa mtaji wake na tangazo lililotolewa nje ya nchi. Ushauri wetu ni kuziuza kwa oda na malipo ya awali, usiweke akiba. Unaponukuu bei, kumbuka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa Tanzania Bara, pamoja na usafirishaji, na kwamba kifaa kilicholetwa na ndugu kwenye begi hakina wa kukipokea kikiharibika.

Liko jingine ambalo halimo kwenye lebo ya bei. Mita ya waya ukishainunua ni yako. Kifaa cha GPS kinabaki na kamba mkononi mwa kampuni. Mwezi Julai 2020 mitambo ya Garmin ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na kwa siku kadhaa watumiaji hawakuweza kupeleka safari zao kwenye huduma ya Garmin kama walivyozoea. Mwaka 2022, baada ya kampuni ya SRAM kuinunua Hammerhead, watengenezaji wa kompyuta iitwayo Karoo 2, Shimano ambao ni washindani wa SRAM walidai kazi zinazohusu gia zao za umeme ziondolewe. Zikaondolewa. Mtu alikuwa ameshalipa, kifaa kiko kwenye usukani wake, na kazi aliyoinunua ikatoweka kwa programu mpya. Mwezi Machi 2025 Garmin nao wakaanzisha malipo ya hiari ya dola 6.99 kwa mwezi kwa huduma za ziada. Ni ya hiari, naam, lakini mfanyabiashara yeyote anajua biashara inaelekea wapi pale mlango wa pili wa malipo unapofunguliwa.

Kwa wenye kufikiria hisa badala ya kifaa, neno fupi. Soko la baiskeli lilivimba wakati wa korona na kunywea baadaye: mauzo ya Shimano ya Japani yalishuka kwa karibu robo mwaka 2023. Mwaka huo huo mauzo ya Garmin yalipanda, kutoka dola bilioni 4.86 hadi 5.23, kwa sababu hawaishi kwa baiskeli. Anayenunua hisa za Garmin akidhani ananunua biashara ya baiskeli ananunua zaidi saa za mkononi, boti na ndege. Kompyuta za Edge hazitolewi hesabu ya peke yake katika taarifa zao.

Mwisho ni mitumba, ambayo pengine ndiyo njia ya watu wengi. Baiskeli nyingi zinazotoka Ulaya hufika na kishikio tu kwenye usukani, kompyuta yenyewe mwenyewe kaitoa. Zikija kompyuta zenyewe, iwashe mbele ya muuzaji na uiache nje dakika 30 ikiwa inatafuta setelaiti na mwanga wa skrini ukiwa juu. Ikishuka zaidi ya asilimia 10 ya chaji, betri imechoka. Angalia kama imetolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza. Tazama ramani iliyomo. Iliyouzwa Ulaya mara nyingi imejaa Ulaya, na kuiwekea Afrika kunahitaji kompyuta ya mezani, intaneti ya kutosha na mtu anayeelewa. Kama yote hayo yako sawa na bei ni shilingi 250,000 au chini ya hapo, ya Garmin au Wahoo iliyotumika miaka miwili ni bora kuliko ya Kichina mpya. Ikizidi shilingi 400,000, mwachie muuzaji.